Kwa Nini Wanapima Samaki Wetu?

Asubuhi moja tulifika bandarini, upande wa kusini wa pwani yetu, kukutana na kikundi cha kujisaidia cha wavuvi na mama karanga. Ajenda ilikuwa mkopo wa kununua friza. Ajenda hiyo hatukuifikia. Chini ya mkwaju alikaa kijana aliyetumwa na watafiti, ana mizani, daftari na ubao wenye rula, na kila mtumbwi ulipoingia aliomba samaki walazwe kwanza kwenye ubao wake kabla ya kupelekwa kwa tajiri. Mzee mmoja wa malema akamkatalia kabisa. "Mwanangu," akamwambia, "samaki huyu ni wa kuliwa, si wa kushonewa kanzu."

Watu walicheka, lakini mzee hakucheka. Alisema wazi lile linalomsumbua: wanakuja, wanahesabu, wanakwenda zao, halafu tunasikia bahari imefungwa. Mama mmoja akaongeza kwamba pengine ni mambo ya kodi. Kijana alikuwa na adabu zake, akajibu, "Babu, mimi nimetumwa tu." Na kweli alikuwa ametumwa tu. Alifundishwa kupima, hakufundishwa kueleza. Basi tukaahidi kwamba sisi tutauliza na kusoma, halafu tutaandika humu kwa lugha ya kueleweka.

Mizani inatafuta nini

Wengi wetu tunadhani mtafiti anataka kujua bahari imetoa kilo ngapi. Kilo peke yake hazimwambii mengi. Anachotafuta ni kilo ngapi kwa mvuvi mmoja kwa siku moja ya kazi. Tuchukue mfano, na huu ni mfano wa kufundishia tu. Bandari ina wavuvi 10, na kwa siku wanaleta kilo 80. Kila mmoja amepata kilo 8. Miaka inapita, vijana waliokosa kazi Mombasa wanarudi nyumbani, sasa wavuvi ni 16 na samaki ni kilo 96. Tajiri akitazama mizani yake anasema bahari imebarikiwa, samaki wameongezeka. Hebu gawanya. Kila mvuvi amepata kilo 6. Bandari imepanda, nyumba ya mvuvi imeshuka kwa kilo mbili kila siku, na kilo mbili ni unga na mafuta ya taa.

Ndiyo sababu yule kijana anauliza maswali yanayokera: mlitoka saa ngapi, mlikuwa wangapi, mlitumia malema, mshipi, jarife au bunduki. Bila majibu hayo, kilo zake hazina maana. Na ni lazima alinganishe kaskazi na kaskazi, kusi na kusi. Ukichukua samaki wa Februari ukawalinganisha na wa Julai utakuwa umepima upepo, hukupima samaki.

Rula na vijiwe vya kichwani

Rula nayo inajibu swali jingine: je, samaki huyu amewahi kutaga hata mara moja? Kila aina ina urefu wake wa kuanza kutaga. Kama wengi wanaolazwa kwenye ubao hawajafika urefu huo, basi tunakula mbegu, na kila mwenye shamba la mahindi anajua mwaka unaofuata utakuwaje. Ili kuujua urefu huo, watafiti hununua samaki wakubwa kwa wadogo, huwapasua na kutazama mayai yamekomaa kiasi gani. Kwa kweli hapo mama karanga angeweza kuwa mwalimu wao, maana yeye huyaona mayai hayo kila siku anapopasua samaki wa kukaanga.

Umri wa samaki hausomwi kwenye rula. Ndani ya kichwa, karibu na ubongo, samaki ana vijiwe vidogo vyeupe vinavyomsaidia kusikia na kukaa sawa majini. Kijiwe hukua tabaka juu ya tabaka, kama shina la mti linavyoongeza pete zake. Kikisagwa kikawa chembamba na kutazamwa kwa darubini, tabaka zinahesabika. Mwaka 1988 Micheni Ntiba, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Katibu katika idara ya uvuvi serikalini, alichapisha utafiti wa namna hiyo juu ya tafi wa pwani ya Kenya. Tunayemsema ni tafi huyu huyu wa malema yetu, mwenye miiba ya sumu, ambaye kila mtoto wa pwani amewahi kumlilia. Watafiti wa tafi wameona kwamba hukua haraka na haishi miaka mingi. Hiyo ni habari njema kidogo: samaki wa aina hiyo akipewa nafasi hurudi upesi kuliko chewa, ambaye huchelewa kukomaa.

Mwaka 1990 Ntiba na mwenzake Jaccarini walitoa jambo jingine. Walifuatilia mayai ya tafi mwezi baada ya mwezi, wakaona hatagi ovyo ovyo mwaka mzima. Ana misimu miwili, Januari na Februari, kisha Mei na Juni. Mvuvi atacheka aseme mbona hayo aliyajua babu yangu. Pengine. Lakini tazameni kalenda hiyo vizuri. Mei na Juni ni kusi, bahari imechafuka, mitumbwi mingi imepinduliwa mchangani, na tafi anapumzishwa na upepo bila sheria yoyote. Januari na Februari ni kaskazi, maji yametulia, kila mtu yuko baharini. Kwa hiyo msimu mmoja tafi anataga tukiwa nchi kavu, na msimu wa pili anataga tukiwa juu yake. Sisi tunaona kwamba kikundi kikitaka kumpumzisha tafi kwa siku chache, kisihangaike na mwezi wa Juni.

Na kuhusu mahali anapokusanyika ili kutaga, hapo watafiti hawakuanza na darubini. Walianza kwa kuwauliza wavuvi. Huko kusini, sehemu za Diani na Msambweni, wenye malema walikuwa wanajua mahali ambapo tafi hujaa kwa siku fulani fulani, na walikuwa wakiwategea papo hapo. Watafiti wakapiga mbizi kuthibitisha waliyoambiwa. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2013. Ina maana kwamba siri ya mvuvi sasa imo kitabuni, na tunakiri kwamba jambo hilo linaweza kumsaidia au kumuumiza, kutegemea nani anakisoma kwanza.

Hofu ya mzee ina msingi

Hatutamcheka mzee wetu. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, ya Mombasa mwaka 1986, na kila mahali kuna wavuvi waliopoteza uwanja wao wa kuvua. Kwao, mtu wa rula na mtu wa kufunga bahari ni mtu mmoja.

Lakini mbuga hizo zimejibu swali moja ambalo bila hizo lingebaki ugomvi tu. Wazee husema samaki wamepungua kwa sababu bahari imebadilika, si kwa sababu ya uvuvi. Na kweli mwaka 1998 maji yalipata joto kali, matumbawe yakageuka meupe, na mengi yakafa, ndani ya mbuga na nje yake. Joto halikuchagua. Sasa kama tatizo lingekuwa joto peke yake, samaki wangepungua sawasawa pande zote mbili. Watafiti wanaopiga mbizi na kuhesabu samaki kwenye mwamba, akiwemo Tim McClanahan ambaye amefanya kazi hiyo pwani ya Kenya kwa miaka mingi, hukuta ndani ya mbuga samaki wengi zaidi na wakubwa zaidi. Tofauti hiyo haikuletwa na joto, imeletwa na mitego yetu. Yeye na Mangi walichapisha mwaka 2000 matokeo ya malema yaliyotegwa kandokando ya mbuga ya Mombasa: samaki walikuwa wanavuka mpaka na kuingia kwa wavuvi, na waliotega karibu na mpaka walinufaika. Ukuta wa mbuga ni wa karatasi, tafi hasomi gazeti la serikali.

Huko Kuruwitu, Kilifi, wanakijiji hawakungoja kufungiwa. Katikati ya miaka ya 2000 walijitengea wenyewe kipande cha bahari, kile tunachokiita sasa tengefu, na mwaka 2017 wakapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Haikuwa kazi rahisi, na majirani wengine walinung'unika sana. Tofauti yao na wengine ni kwamba waliamua wao.

Dirisha la lema

Sasa tuje kwenye jambo lililokaribia kuvunja kikundi siku ile. Kila mtu anajua lema lilivyo: samaki anaingia kwa mdomo mpana unaokwenda ukibana, na kutoka hawezi. Anayeingia ni tafi, lakini pia ni kitatange na wengine wembamba wasio na bei, na watoto wa kila aina. Watafiti walijaribu kuacha upenyo mwembamba wa wima kwenye pembe ya lema, wa sentimita chache tu. Tafi mnene hapiti. Kitatange anapita, na tafi mchanga anapita. Wenye malema walihofia kwamba pesa zao ndizo zitakazotoka kwa dirisha hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa kwenye maji yetu haya ya ndani ya mwamba ambayo yamevuliwa sana, ulionyesha kinyume: samaki wasiotakiwa walipungua, waliobaki walikuwa wakubwa zaidi, na mapato ya mvuvi yalipanda. Samaki mkubwa huuzwa kwa tajiri kwa bei nzuri zaidi kila kilo, na hapo ndipo hesabu inapogeuka.

Tulipoeleza haya kwenye mkutano wa pili, wanaume walianza kukubali kwa kichwa. Kisha mama mmoja akasimama. "Nyinyi mtauza wakubwa kwa tajiri," akasema. "Sisi tutakaanga nini?"

Tusidanganyane, swali hilo ni zito kuliko yote yaliyoulizwa. Mkubwa anakwenda kwa tajiri, anawekwa kwenye barafu, anakwenda mjini hotelini. Mama karanga hununua wadogo kwa sababu ndio anaoweza kuwalipia, na wateja wake ni watu wa kijijini wenye shilingi chache. Samaki mdogo anapotoka kwa dirisha la lema, anatoka pia kwenye karai la mama huyu, na kwenye sahani ya jirani yake. Tumesoma mengi juu ya sentimita za upenyo, na machache juu ya karai. Watafiti watatusamehe, lakini tunaona hapo wamepima nusu ya bandari.

Ni kweli pia kwamba akina mama hawatakuwa salama mambo yakibaki yalivyo. Juya lilipigwa marufuku na Serikali mwaka 2001 kwa sababu, pamoja na kuburuta chini na kuvunja matumbawe, hukokota watoto wa samaki kwa wingi. Mahali linapoendelea kuvutwa kwa siri, akina mama wanapata samaki wadogo leo, na kila mwaka wanawapata wachache zaidi. Wao wanajua hilo. Yule mama hakusema dirisha lisiwekwe. Aliuliza nani atabeba hasara ya miezi ya kwanza.

Daftari likae kwa nani

Tangu kanuni za mwaka 2007, bandari zina BMU, na BMU ina sauti katika mipango ya uvuvi wa eneo lake. Sauti hiyo haina nguvu kama tarakimu zote ziko kwa wengine. Taasisi ya KMFRI iko Mombasa tangu mwaka 1979 na ina wataalamu, lakini kikundi nacho kinaweza kununua daftari la kurasa 96. Tarehe, mtego, watu wangapi, kilo ngapi, na samaki kumi wa kwanza wapimwe urefu, hata kwa kijiti kilichotiwa alama. Hapana haja ya kuandika kila siku. Siku mbili kwa wiki, za bamvua na za maji mafu, zinatosha kuanzia. Watakaochoka kwanza ni wale waliosema ni rahisi.

Na mtafiti akifika, apewe kiti na aulizwe mapema: matokeo utayaleta lini, na utayasoma kwa Kiswahili mbele ya nani? Tunasema hivi kwa sababu tuliwahi kushuhudia bandari moja ikipimwa msimu mzima, na ripoti wakaiona wageni kabla yao. Hilo si kosa la rula, lakini ndilo linalomfanya mzee akunje uso.

Kikundi kile kilikubaliana hivi. Mzee ana malema sita. Mawili atayawekea upenyo, manne yatabaki kama yalivyo, na yote atayatega mahali pamoja kwa msimu mzima wa kaskazi. Wanaume waliobaki na malema ya kawaida watawauzia akina mama wadogo kabla ya tajiri kufika. Mizani atashika mzee mwenyewe, hakutaka mtu mwingine. Daftari limewekwa kwa yule mama aliyeuliza, na siku tuliyopita mara ya mwisho kurasa mbili zilikuwa zimejaa, zina alama za mafuta. Mkopo wa friza utajadiliwa baada ya kaskazi.