Kiunzi cha Kujifunzia Kukata Nondo

Viwanda vingi vimetiwa nondo madirishani kuzuia wezi. Moto ukizuka, nondo hizo hizo huwafungia watu ndani. Huko Karachi, nchini Pakistan, mwezi Septemba 2012, kiwanda cha nguo kiliungua wakafa watu zaidi ya 250. Madirisha yalikuwa na nondo. Kwa hiyo kikosi cha zimamoto kiwandani lazima kijue kukata chuma kwa msumeno wa injini. Lakini ni tajiri gani atakubali mjifunzie kwenye madirisha yake?

Tunashauri mjitengenezee kiunzi. Chomeleeni fremu ya chuma cha pembe, kimo cha mtu, na miguu mipana iliyofungwa chini kwa bolti isiyumbe. Juu na chini chomeleeni vipande vya bomba vilivyo wazi pande zote mbili, kimoja sawasawa juu ya kingine. Humo pitisheni nondo ya milimita 12, izidi juu ya fremu, mkaikaze kwa bolti. Ikishakatwa, toeni kipande cha chini, legezeni bolti ya juu, shusheni nondo, kateni tena.

Msumeno ushike kasi yake yote kabla ya kugusa chuma. Msiupinde ndani ya mkato, diski itapasuka. Wala msiuinue kupita mabega. Cheche huruka mbali, basi petroli ikae mbali na mpira wa maji uwe tayari. Diski nazo zisiwekwe pamoja na petroli, mvuke wake hulegeza gundi.

Miwani, glavu na diski ni juu ya mwajiri, na saa za mazoezi ni saa za kazi. Yaandikeni hayo katika madai ya tawi kabla ya kuchomelea chuma cha kwanza.