Je, Wajua? Ukuta wa Mangi Sina na vita vilivyogeuka ghafla

Je, wajua kwamba mangi (chifu wa Kichagga) aliyekuwa na boma gumu kuliko yote upande wa Moshi aliitwa Sina? Msemaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo mara ya kwanza hutabasamu. Lakini enzi zake, huko Kibosho alikotawala, hakukuwa na mzaha. Sina alikuwa na ng'ombe, alikuwa na bunduki, alikuwa na wapiganaji, na makao yake aliyazungushia ukuta wa mawe na mahandaki. Majirani zake wengi walimjua kwa moshi wa nyumba zao zilizochomwa.

Miaka ya 1870 na 1880 mteremko wa kusini wa Kilimanjaro ulikuwa umegawanyika katika umangi mwingi mdogo mdogo, kila mmoja ukiwa umekaa juu ya mgongo wake wa ardhi katikati ya makorongo. Leo tunasema "Wachagga" kana kwamba jina hilo limekuwepo tangu mlima uote. Mtu wa siku zile alikuwa Mkibosho, Mmachame au wa Marangu, basi. Ndiyo maana wapo watakaobisha nikiviita vita vyao vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wabishe tu. Walioana, walikunywa mbege ileile, walimwagilia migomba yao kwa mifongo, yaani mifereji, iliyotoka kwenye msitu mmoja, na bado wakachomeana nyumba.

Je, wajua kwamba hasimu mkubwa wa Sina alitegemea ulimi kuliko ukuta? Huyo ni Rindi wa Moshi, yaani Old Moshi ya leo, kule juu, kwa kuwa mji wa Moshi tunaoujua haukuwepo hadi reli ya kutoka Tanga ilipoufikia uwanda wa chini kwenye miaka ya 1910. Watu wa Pwani walimwita Mandara. Alikuwa na jicho moja, alizungumza Kiswahili na wafanyabiashara wa misafara, na aliweza kumkaribisha mgeni asubuhi na kumpora jioni. Mmisionari Charles New alipokelewa vizuri mwaka 1871. Aliporudi mwaka 1875 alinyang'anywa mali zake, akafia njiani akielekea Pwani. Mwaka 1885 Rindi alitia alama yake kwenye mkataba wa Mjerumani Karl Jühlke, na miaka michache baadaye akatuma wajumbe wake hadi Berlin. Sina alipokuwa akipanga mawe, Rindi alikuwa akipanga marafiki.

Februari 1891 marafiki hao walifika. Mjerumani Hermann von Wissmann alipanda mlima na askari wake, wengi wao Wasudani waliokodiwa Misri, wakiwa na mizinga. Mbele na pembeni yao walitembea wapiganaji wa Rindi, ambao kwao hivi havikuwa vita vya Kaizari wa Ujerumani hata kidogo. Walikuwa wanakwenda kulipiza kisasi kwa Kibosho, na safari hii walikuwa na watu wa kubomoa mlango. Wakibosho walipigana ndani ya mahandaki yao kwa ushupavu ambao Wajerumani wenyewe waliukiri. Mwishowe boma likaanguka. Sina akasalimu amri, akaikubali bendera, akaachiwa umangi wake lakini akapunguziwa ardhi alizokuwa ameziteka.

Hapa ndipo penye jambo la kushangaza. Si idadi ya waliokufa iliyogeuza mkondo wa vita vya mlimani; vita vya kabla ya hapo navyo viliua. Lakini kabla ya pigano lile kulikuwa na kanuni ambayo kila mtu aliitegemea: aliyeshindwa hukimbilia bomani au msituni, hungoja, kisha msimu mwingine huja kurudisha ng'ombe wake. Hakuna mangi aliyeshindwa moja kwa moja. Mizinga ya Wissmann iliifuta kanuni hiyo. Kama ukuta wa Sina umeanguka, ukuta wa nani utasimama? Kuanzia hapo silaha ya maana ikawa kumpata Mjerumani kabla jirani yako hajampata.

Je, wajua kwamba mshindi hakufaidi hata mwaka mmoja? Rindi alikufa mwaka huohuo wa 1891.

Mwanawe, Meli, alirithi kiti pamoja na rafiki ambaye sasa alikuwa bwana. Na huko Marangu alikuwepo Mangi Marealle, fundi wa ile silaha mpya. Simulizi za mlimani zinamtaja yeye kuwa ndiye aliyewajaza Wajerumani maneno kwamba Meli anapanga uasi. Juni 1892 Mjerumani Albrecht von Bülow alikwenda kumwadhibu Meli na akauawa. Wapiganaji wa Moshi walikuwa wamelishinda jeshi la Kaizari! Ushindi huo ulidumu mwaka mmoja na miezi michache: Agosti 1893 Mjerumani mwingine, von Schele, alikuja na kikosi kikubwa zaidi, na Moshi ikaanguka.

Je, wajua kwamba huenda Old Moshi leo ingekuwa na Waanglikana wengi kuliko Walutheri kama si mapigano hayo? Wamisionari wa Kiingereza wa CMS walikuwa wamefungua kituo Moshi mwaka 1885. Baada ya Bülow kuuawa, Wajerumani waliwashuku kwamba wanampa Meli moyo, nao wakahamia Taveta. Mwaka 1893 Walutheri wa Leipzig wakaja kujaza nafasi, wakianzia Machame. Ukipita Jumapili kuanzia Machame hadi Marangu ukasikia kwaya za Kilutheri kila kona, ujue kuna risasi fulani za mwaka 1892 nyuma yake.

Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga watu 19 huko Old Moshi kwa tuhuma za kula njama. Miongoni mwao alikuwemo Meli, mwana wa Rindi. Alikuwemo pia Molelia wa Kibosho, mwana wa Sina. Baba zao walipigana maisha yao yote. Wana wakafa siku moja. Kichwa cha Meli kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na familia yake imekitafuta miaka na miaka. Marealle, aliyebaki mkubwa kuliko wote mlimani, naye mwaka 1904 ilibidi akimbilie upande wa Waingereza.

Je, wajua kwamba Moshi ilikuja kuvuna matunda ya pigano jingine, hili lililopiganwa mbali, katika vita vya Tanzania na Uganda? Usiku wa tarehe 10 Machi 1979, Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala inayokatiza kinamasi, Brigedi ya 201 ya JWTZ ilirudishwa nyuma na majeshi ya Idi Amin yakisaidiwa na Walibya. Kwa saa chache njia ya Kampala ilionekana kufungwa. Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa iliamriwa igeuke, ikatembea usiku kucha, na alfajiri ya tarehe 11 ikawashukia kwa ubavuni. Jeshi la Amin halikusimama tena vizuri baada ya asubuhi ile.

Wiki mbili baadaye vikundi zaidi ya 20 vya Waganda waliokuwa uhamishoni, baadhi yavyo visivyopikika chungu kimoja, vilikusanyika Moshi kugawana nchi ambayo ilikuwa bado haijakombolewa. Yusuf Lule alichaguliwa mwenyekiti wao. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, Lule akaapishwa kuwa rais siku mbili baadaye, akaondolewa baada ya siku 68. Alimzidi nani? Hata Rindi alikaa zaidi baada ya ushindi wake. Ndani ya miaka 2 Waganda walikuwa vitani tena, wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1985 jeshi la waasi la Museveni lilipigania daraja la Katonga, kilomita chache tu kutoka Lukaya, kwenye barabara ileile na vinamasi vilevile. Januari 1986 liliingia Kampala.

Na je, wajua haya kuhusu vibanda vya wapanda mlima? Kwenye njia ya Marangu, kibanda cha kwanza zamani kiliitwa Bismarck na cha pili Peters. Siku hizi cha kwanza ni Mandara, jina la Pwani la Rindi, na cha pili ni Horombo, mangi wa Rombo aliyejenga maboma ya mawe kabla ya enzi za Sina. Cha tatu ni Kibo. Sina hana kibanda.