Sura ya Tano: Usingizi Nao Ni Kusoma

Mwanafunzi wa sekondari mjini Nyeri, Karatina au Othaya hujua mbinu za kufukuza usingizi kabla hajajua kwa nini usingizi huja. Hutumbukiza miguu katika karai la maji baridi, husoma akiwa wima, hunawa uso kila akianza kusinzia, hunywa chai ya rangi iliyokolea. Mbinu hizi hurithiwa kidato baada ya kidato, na si za uongo. Ila zote zina kasoro moja: huuficha usingizi bila kuupunguza. Na usingizi huo unaofichwa ndio uliokuwa uje kuimalizia kazi iliyoanzwa na kitabu. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayetaka kukaa macho usiku na afaidike lazima auandae usiku wake tangu mchana, kisha aijue saa ya kufunga kitabu.

Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély wa Zurich alieleza kwamba usingizi huongozwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni kama deni. Leo tunajua kwamba kadiri tunavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hurundikana ubongoni na kutulemea, na kulala ndiko kunakoiondoa. Nguvu ya pili ni saa ya mwili, inayofuata mwanga na giza. Ikweta inapita Nanyuki, si mbali na Nyeri, kwa hiyo jua la hapa huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua mnamo saa hiyo hiyo jioni, Januari hadi Disemba. Mapema usiku saa ya mwili bado hutushikilia tusianguke. Usiku ukikomaa huachilia, joto la mwili hushuka, na karibu na alfajiri huwa tuko katika hali dhaifu kuliko wakati wowote. Kwa vijana balehe, kama utafiti wa Mary Carskadon ulivyoonyesha, saa ya mwili huchelewa: usingizi huja baadaye na huisha baadaye. Hivyo kijana anayesinzia darasani baada ya kengele ya kuamsha ya saa kumi alfajiri haonyeshi uvivu. Mwili wake bado uko katikati ya usiku, na jua la Mlima Kenya halijakaribia kuchomoza.

Tukishayajua haya, tunaweza kuzipima mbinu zetu. Karai lina sababu yake: mwaka 1999 watafiti wa Uswisi walionyesha kwamba miguu na mikono ikipata joto, usingizi huja upesi, hivyo kuipoza miguu ni kuuchelewesha. Lakini Louise Reyner na Jim Horne, waliowachunguza madereva wenye usingizi nchini Uingereza, walikuta kwamba hewa baridi usoni na redio huwasaidia kwa muda mfupi tu, kisha uzito hurudi. Kafeini ya chai na kahawa ina nguvu zaidi kwa kuwa huikalia adenosini nafasi yake ubongoni. Haiifuti, huizuia isisikike. Tena haiondoki haraka: kwa kawaida, saa tano hivi baada ya kikombe, nusu yake bado imo mwilini. Aliyekunywa saa tatu usiku ataingia kitandani nayo, na hata akipata usingizi utakuwa mwepesi. Na miraa ya Igembe au muguka wa Mbeere hauna nafasi katika mazungumzo haya ya masomo. Kathinoni iliyomo ni ndugu wa dawa za amfetamini. Humnyima mtu usingizi usiku huo na kumwachia uchovu kesho yake.

Hasara ya kukosa usingizi hueleweka vizuri katika kiwanda cha kahawa. Matunda yaliyochumwa leo humenywa leo hii, kisha buni huachwa ndani ya matangi usiku kucha zichachuke, utelezi uachane na punje, ndipo zioshwe na kuanikwa. Mchumaji, awe hodari kiasi gani, hawezi kuuruka usiku ule. Kumbukumbu nayo ina tangi lake. Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Jenkins na Dallenbach waliwakaririsha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana. Walipolala saa nane walikumbuka zaidi ya nusu. Walipokaa macho saa nane walikumbuka takriban moja kati ya kumi. Tafiti nyingi zilizofuata zimeeleza kwamba katika usingizi ubongo huyarudia yaliyosomwa mchana na kuyaimarisha. Anayeukata usingizi ili aongeze kurasa ni kama anayemimina matunda zaidi huku akizibua tangi chini.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa waliofaulu: wengi walikesha, wakapata alama za kuwapeleka chuoni. Ni kweli, lakini hatujui wangepata nini kama wangelala, na waliokesha wakaanguka huwa hawaitwi kuhutubia siku ya zawadi. Ushahidi ulio bora ni ule unaomlinganisha mwanafunzi na yeye mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wanafunzi 535 wa sekondari mjini Los Angeles kwa siku 14: siku iliyofuata usiku wa kupunguza usingizi ili kusoma zaidi, mwanafunzi yule yule alipata shida zaidi kuelewa somo na kufanya mtihani. Tena anayepungukiwa usingizi si hakimu mzuri wa hali yake. Katika jaribio la mwaka 2003 la Hans Van Dongen na wenzake, watu waliolala saa sita kila usiku kwa wiki mbili walidhoofika kama waliokesha usiku mmoja au miwili mfululizo, lakini wao walidhani wamezoea. Nao Dawson na Reid wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba kukaa macho saa 17 huzorotesha utendaji kama pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamshwa saa kumi alfajiri huifikia hali hiyo saa tatu usiku, kabla hata masomo ya jioni hayajaisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na halistahili kujibiwa kwa haraka. Mwanafunzi wa kutwa anayefika nyumbani na kukuta ng'ombe wa kukamua, majani chai ya kuchuma na wadogo wa kulisha, hana saa nyingine ya kusoma ila ya usiku. Huyu hawezi kuambiwa tu alale. Aambiwe jinsi ya kufanya saa mbili zake zizae kama nne. Reyner na Horne walikuta kwamba kahawa ikifuatiwa na usingizi mfupi usiozidi dakika 15 huwasaidia madereva kuliko hewa baridi. Usingizi mfupi kama huo baada ya kazi za nyumbani humpunguzia deni kabla hajafungua kitabu. Aanze na somo gumu wakati saa ya mwili bado inamshikilia. Na asisome tena na tena kurasa zile zile, maana macho yanayopita juu ya maneno yanayojulikana hulala upesi. Afunge kitabu, ajiulize, aandike anachokumbuka: Roediger na Karpicke walithibitisha mwaka 2006 kwamba baada ya siku kadhaa wanafunzi waliojipima walikumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma. Anayejipima hana nafasi ya kusinzia.

Kwa shule za bweni jibu limekwisha kuandikwa. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimetenga saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa muda wa kulala, yaani saa nane na nusu, na wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa nane hadi kumi kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Kila kengele inayopigwa alfajiri ndani ya muda huo huwanyang'anya watoto sehemu ya somo lao la jana. Mzazi aliyelipa karo kwa malipo ya kahawa anajua vizuri kwamba kiwanda hakipimwi kwa kelele za mashine mchana peke yake; kinapimwa pia kwa utulivu wa matangi yake usiku.