Je, Wajua? Mshahara Halali wa Ras Kitau

Je, wajua kuwa kima cha chini cha mshahara nchini Kenya hutegemea unafanyia kazi wapi? Amri ya serikali ina mafungu matatu: miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu; miji iliyokuwa manispaa; na "maeneo mengine yote". Kabla ya ugatuzi Lamu ilikuwa na baraza la kaunti, si manispaa. Basi Ras Kitau ya Lamu, pale kisiwa cha Manda kinapotazamana na Shela, iko katika fungu la mwisho. Kwa viwango vya 2022, mfagiaji wa Mombasa alistahili angalau shilingi 15,201.65 kwa mwezi, na mwenzake wa Ras Kitau shilingi 8,109.90. Mwaka 2024 viwango vilipanda kwa asilimia 6 kote, na pengo likazidi kupanuka. Bei ya unga unaovushwa kwa mashua, lakini, haijui fungu la tatu.

Je, wajua kuwa pesa hizo ni mbali na za nyumba? Asiyekupa pa kulala akuongezee za kodi.

Je, wajua kuwa mpishi na mhudumu wa hoteli wamewekwa mstari mmoja na mkata mawe? Wale wanaochonga matofali ya matumbawe huko Maweni, kisiwani humo humo, wako daraja moja na anayekuletea samaki wa kupaka mezani. Mlinzi wa usiku ana kima chake, juu ya cha wa mchana.

Je, wajua kuwa huwezi kuwa kibarua milele? Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kibarua ni wa kulipwa jioni, asiyeajiriwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Ukifanya kazi mfululizo siku zikafika mwezi, wewe si kibarua tena, hata bosi akiendelea kukuita hivyo.

Je, wajua nguvu ya nusu na mmoja? Kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, chama kikiwa na wengi wa wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga, mwajiri hana budi kukitambua. Hotelini chama chenyewe ni KUDHEIHA. Katika hoteli yenye wafanyakazi 20 wa aina hiyo, saini 11 zatosha. Hapa ndipo penye kazi: kima cha chini hutangazwa Nairobi, lakini kilicho juu yake hupatikana kwa kukaa na mwajiri mezani. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinailinda haki hiyo.

Je, wajua kuwa mkataba wa pamoja, tunda la mazungumzo hayo, hauanzi kazi kwa kupeana mikono? Sharti uandikwe, kisha usajiliwe na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Na asiyejiunga? Akifaidi mkataba huo, aweza kukatwa ada ya chama vilevile.