Mkonge na tairi kuukuu zatosha kupamba ua

KUPAMBA ua wa nyumba mjini Voi si lazima kugharimu fedha nyingi. Kaunti ya Taita Taveta ina mashamba makubwa ya mkonge, likiwemo lile la Teita huko Mwatate, na faida ya mmea huo haikomei kwenye katani.

Mkonge huchanua mara moja tu, kisha hufa. Mlingoti mrefu uliobeba maua yake ukikauka huwa mwepesi na hukatika kwa urahisi. Hufaa kutengenezea viti, meza ndogo na kibanda cha kivuli, bila kuangusha mti hata mmoja.

Hata hivyo, ndani yake ni laini, hivyo huharibiwa upesi na mchwa na maji. Ni bora miguu ya kiti iwekwe juu ya mawe bapa, isiguse udongo, nacho kipakwe rangi kabla ya mvua za Novemba.

Tairi kuukuu nayo ikizungushiwa kamba ya katani hugeuka kiti. Lakini itobolewe upande wa chini, kwani maji yakituama ndani huzalisha mbu wanaoeneza homa ya dengi. Akiba ya samani isije ikaishia hospitalini.