Macho ya Mwanaanga na Ulimi wa Mwalimu

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mwanaanga huelea, aghalabu hujibu kwamba angani hakuna nguvu za uvutano. Jibu hilo si sahihi, na sehemu ya lawama yatuangukia sisi walimu. Katika kimo cha takribani kilomita 400, kinapozunguka Kituo cha Kimataifa cha Anga, uvutano wa dunia ungali karibu asilimia 90 ya ule wa hapa chini. Mwanaanga huelea kwa kuwa yeye na chombo chake wanaanguka pamoja bila kukoma. Uvutano upo, asichokihisi ni uzito.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mtu asimamapo, uzito huvuta damu na maji ya mwili kuelekea miguuni. Uzito usipokuwepo, maji hayo hupanda kichwani. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walieleza habari za wanaanga 7 waliokaa angani takribani miezi 6. Baadhi yao walipatikana na uvimbe pale neva ya jicho inapoanzia, jicho limebonyea kwa nyuma, na maandishi ya karibu yamekuwa taabu kusoma.

Kwa kuwa safari za anga ni ghali, watafiti huiga hali hiyo papa hapa duniani. Watu waliojitolea hulazwa juu ya kitanda kilichoinamishwa nyuzi 6, kichwa kikiwa chini kuliko miguu. Mjini Cologne, Ujerumani, mwaka 2017, watu 11 walilala hivyo siku 30 bila mto, katika hewa yenye asilimia 0.5 ya kaboni dioksidi. Watano walipata uvimbe wa neva. Je, kitanda kiliwaondolea uzito? La hasha! Kiliiga tu kule kupanda kwa maji.

Mbona basi wengine walisalimika? Hapa ndipo lishe inapoingia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, kati ya wanaanga 20, wale 5 walioathirika walikuwa na homosisteini nyingi zaidi katika damu, hata kabla ya kuruka. Kemikali hiyo huongezeka pale shughuli za mwili zinazotegemea foleti na vitamini B12 zinapolegea. Kule Cologne nako, uvimbe ulihusiana na tofauti za kurithi katika jeni zinazoongoza shughuli hizo. Ndipo likazuka wazo kwamba huenda vitamini za kundi B zikawa kinga.

Foleti imo katika mboga za majani na maharagwe. B12 imo katika maziwa, mayai, nyama na samaki. Hata hivyo, asije mwanafunzi akakimbilia kusema kwamba sukuma wiki hutibu macho. "Huhusiana na" si "husababisha", na "huenda" si "hakika". Mwalimu asiyetenganisha maneno hayo darasani, awe wa sayansi au wa Kiswahili, humpotosha mwanafunzi kabla hata hajaingia maabara.