Kuvuta na Kupinda: Mwendo wa Chembe zenye Umeme katika Uga wa Sumaku

Katika Kiswahili, sumaku na kitenzi kuvuta ni marafiki wa siku nyingi. Mtu aonapo sindano ikirukia sumaku husema imevutwa, na husema kweli. Lakini kitenzi hicho kikitumiwa kuelezea mwendo wa chembe zenye umeme, kama elektroni, chapotosha jambo lenyewe. Na madhumuni ya makala haya ni kuonyesha sababu yake.

Tuanze na uga. Neno hili, ambalo kwa asili ni kiwanja kilicho wazi mbele ya nyumba, limetwaliwa na wanafizikia kwa maana ya eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi. Elektroni iliyotulia katika uga ulio sawasawa haipati msukumo wowote. Ikienda sambamba na uga, hupita moja kwa moja. Ila ikiukata uga, husukumwa. Na msukumo huo hauelekei kwenye sumaku, bali huja ubavuni, kwa pembemraba na njia ya chembe na kwa pembemraba na uga pia.

Nguvu ijayo ubavuni haiongezi mbio za chembe wala haizipunguzi. Hugeuza njia tu. Na kwa kuwa haikomi, chembe huzunguka duara. Ikiingia kwa mshazari, huzunguka huku ikisonga mbele, mfano wa hesi ya parafujo. Protoni huzunguka kinyume cha elektroni, na zikiwa na mbio sawa duara lake huwa pana yapata mara 1,836, kwa kuwa ni nzito kwa kadiri hiyo. Kwa kupima mpindo huu pamoja na ule uletwao na umeme, J. J. Thomson, huko Cambridge mwaka 1897, alikadiria uwiano wa chaji na uzito wa chembe zilizokuja kuitwa elektroni.

Mwalimu asemaye kuwa sumaku huivuta elektroni ampa mwanafunzi picha ya sindano, naye atangojea chembe igande kwenye ncha ya sumaku. Kugeuza chaweza kufahamika kuwa ni kuibadili chembe yenyewe. Kuzungusha chafaa pale tu duara linapotimia. Basi yafaa tuseme kuwa sumaku huipinda njia ya chembe. Kitenzi ni chetu cha zamani. Kazi yake ndiyo mpya.